RISALA YA KUPAMBANUA MBALANGA NA UKOMA, NA SABABU ZA KUBADILIKA RANGI YA NGOZI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo akampa sura na rangi kama alivyopenda, na akajaalia khitilafu ya lugha na ya rangi kuwa ni ishara kwa wenye elimu, kama ilivyokuja katika Sura Rum, aya ya 22. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baada ya hayo: katika miji ya pwani imeenea desturi mbaya, nayo ni kuihukumu ngozi ya mtu kabla ya kuijua khabari yake. Mtu akitokwa na baka jeupe mkononi, barazani kikombe chake cha kahawa hutengwa, na anayemwamkia humwamkia kwa mbali. Binti akionekana na doa shingoni, posa yake hurejeshwa. Mke akigeuka uso kwa ajili ya mimba, mume huona haya kuongozana naye arusini. Na mtoto akizaliwa na rangi isiyofanana na ya baba yake, ndimi huanza kunong'ona. Yote hayo hufanywa na watu wanaosali na kufunga, na katika wao wapo wanaodhani kuwa wamefanya hivyo kwa kujilinda na maradhi, au kwa kulinda nasaba.

Na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura Hujurat, aya ya 6, kuwa ikija khabari kwa mtu asiyeaminika, Waislamu wapeleleze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga, khalafu wakabaki kujuta. Ikiwa khabari iliyotamkwa kwa ulimi haipokewi ila kwa uhakika, basi vipi litapokewa doa la ngozi, ambalo halina ulimi wa kusema limetoka wapi? Mwenye kuliona doa akahukumu, amehukumu kwa dhana. Na dhana imekatazwa katika sura hiyo hiyo, aya ya 12.

FASILI YA KWANZA: RANGI YA NGOZI NA MAMBO YANAYOIGEUZA

Matabibu wameeleza kuwa rangi ya mwanadamu hutokana na kitu kiitwacho melanini, kinachofanywa na chembe ndogo sana zilizomo katika ngozi. Na la kuzingatiwa ni kuwa hesabu ya chembe hizo kwa Mwafrika, na Mwarabu, na Mhindi, na Mzungu ni karibu kuwa sawa. Kinachozidiana ni wingi wa rangi inayofanywa na namna yake. Kwa hiyo watu wote wamepewa wafanya kazi sawa, wakakhitilafiana katika kazi tu. Na chochote kinachoizidisha kazi hiyo, au kuipunguza, au kuiharibu, huigeuza rangi ya mtu.

Katika vinavyoizidisha, cha kwanza ni jua. Mvuvi na nahodha huwa weusi zaidi usoni na mikononi kuliko mahali palipofunikwa na nguo, kwa kuwa rangi hiyo ni ngao ambayo Mola ameiweka ili iukinge mwili na ukali wa jua. Cha pili ni msuguano. Miguu ya mwenye kukaa sana juu ya mkeka huota weusi na ugumu kwenye vifundo, na paji la uso la mwenye kusujudu sana huweza kutoka alama nyeusi ijulikanayo kwa jina la sijida. Na wafasiri wengi wa Kurani wameeleza kuwa alama ya kusujudu iliyotajwa mwisho wa Sura Fat-h ni nuru na unyenyekevu unaoonekana usoni mwa wacha Mungu, wala si weusi wa ngozi. Basi asiyekuwa na sijida asidhaniwe kuwa hasali, na mwenye nayo asijione bora. Wala haifai mtu kulisugua paji lake makusudi ili aitwe mcha Mungu, kwani hiyo ni riya.

Cha tatu ni mimba. Wanawake wengi wakichukua mimba hutokwa na weusi mashavuni, na juu ya mdomo, na katika paji la uso, na mstari mweusi huonekana tumboni. Hayo huletwa na mageuko ya mwili katika kumlea mtoto, na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Mume anayemcheka mkewe kwa jambo hilo amemcheka kwa mzigo wa mwanawe mwenyewe. Cha nne ni majeraha: mahali palipoungua, au palipokuwa na kidonda au upele, hubaki peusi au peupe muda mrefu baada ya kupona.

Na yapo mageuko ambayo ni mjumbe wa maradhi yaliyomo ndani, na haya hayafai kupuuzwa. Shingo na makwapa yakiwa meusi na mazito kama kitambaa cha mahameli, huenda ikawa ni dalili ya kisukari au ya kukaribia kwake, hasa kwa mtu mnene. Mtu akiwa mweupe wa kupauka midomoni na katika viganja na ndani ya kope, damu yake imepungua. Na katika sababu za hayo ni safura, minyoo midogo inayoingia kwa nyayo za mwenye kwenda miguu mitupu penye udongo uliochafuliwa kwa choo, ikakaa matumboni ikinyonya damu kidogo kidogo. Midomo ikigeuka rangi ya samawati na pumzi ikawa nzito, hilo ni jambo la kukimbiliwa hospitali saa ile ile.

Na macho yakiwa ya manjano, ini limedhurika, au njia ya nyongo imezibika, au damu inavunjika kwa malaria au kwa ugonjwa mwingine. Kwa watu weusi umanjano hauonekani upesi katika ngozi, kwa hiyo utazamwe katika weupe wa macho. Watoto wachanga wengi huwa manjano tangu siku ya pili au ya tatu, khalafu ikaondoka. Lakini mtoto akiwa manjano katika siku yake ya kwanza, au umanjano ukafika viganjani na nyayoni, au akawa mlegevu asiyenyonya, ni wajibu wa baba kumpeleka kwa tabibu bila ya kungojea, kwani umanjano mwingi huweza kuidhuru akili yake na masikio yake milele. Baba anayesema atazame kwanza siku tatu ameichezea amana aliyopewa.

FASILI YA PILI: MBA, NA MBALANGA, NA UKOMA

Haya ndiyo matatu yanayochanganywa na watu, na kuyachanganya kumewatenga wengi wasiostahili kutengwa. Wanavyuoni wa zamani waliyapambanua. Waliita bahaki weupe hafifu wa juu juu. Wakaita barasi weupe mkali unaoitoa ngozi damu yake. Na wakaita jedhamu ule ugonjwa unaokula viungo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 H. (1037), aliieleza tafauti ya bahaki na barasi katika kitabu chake cha utabibu, al-Qanun. Basi si elimu mpya. Ni elimu iliyosahauliwa.

Ama mba wa ngozi, huo ni ukungu mdogo ambao aghlabu ya watu wanao mwilini bila ya kudhurika. Pakiwa na joto na jasho jingi, kama katika miezi ya kaskazi, hukua ukatoa madoa meupe au mekundu au meusi kifuani, na mgongoni, na shingoni, na yakikunwa hutoa ukoga kama unga. Hauna khatari. Huondoka kwa dawa ya kupaka, ingawa rangi huchelewa kurejea kwa miezi, na mwenye kuharakisha hudhani kuwa dawa haikufaa.

Ama mbalanga, nayo ndiyo barasi, sababu yake ni kuwa ulinzi wa mwili, uliowekwa kupigana na maradhi, hukosea ukaziua chembe zinazofanya rangi. Baka huwa jeupe kama maziwa, laini, lisilo na ukoga wala maumivu, na mara nyingi hutokea pande mbili kwa kufanana: mikono yote miwili, au pembe zote mbili za mdomo, au kuzunguka macho. Nywele za mahali hapo pia huweza kuwa nyeupe. Katika kila watu mia mbili duniani hukisiwa kuwa kiasi cha mmoja anayo, au zaidi kidogo. Haiambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Huweza kuonekana katika ukoo, na wengi wenye nayo hawana jamaa mwenye nayo. Ziko dawa za kupaka na tiba ya mwanga ambazo huwarejeshea baadhi ya watu rangi yao, hasa mbalanga ikiwa bado changa.

Na yapo yanayosemwa kuwa huileta mbalanga. Wengine husema ni kula samaki pamoja na maziwa, na jambo hilo halikuthibiti kwa matabibu. Na kila aliyesoma chuoni amesoma katika mlango wa maji kuwa maji yaliyopata moto kwa jua ni makuruhu kuyatumia mwilini, kwa kuogopwa barasi. Inafaa ijulikane asili ya mas'ala hii. Imamu Shafii (R.A.) katika al-Umm hakuyachukia maji hayo ila kwa upande wa utabibu. Na maulamaa waliomfuata wakaweka masharti: iwe ni nchi ya joto kali, na chombo kiwe cha madini kama shaba au chuma, na maji yatumike mwilini yangali moto; yakipoa, karaha huondoka. Khalafu akaja Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H. (1277), akaitazama dalili, akaona kuwa hadithi zilizopokewa katika jambo hilo ni dhaifu, wala utabibu haukulithibitisha, akachagua kuwa maji hayo si makuruhu. Tazama adabu ya Maimamu hawa: walipojenga hukumu juu ya utabibu, waliiacha mlango wazi kwa utabibu. Basi asiwe mtu wa leo akawa mkali katika dhana kuliko Maimamu walivyokuwa katika elimu.

Ama ukoma, nao ndio jedhamu, na huitwa pia matana, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Huletwa na kijidudu kilichogunduliwa na tabibu Hansen wa Norway mwaka 1873, nacho hula mishipa ya fahamu. Baka lake si jeupe kama maziwa. Huwa limefifia tu, au jekundu kama shaba, na alama yake kubwa ni ganzi. Mgonjwa akifumba macho na baka likaguswa kwa pamba, hajui kuwa ameguswa. Huku kutohisi ndiko kunakomletea vidonda vya kuungua na kujikata bila ya kujua, mpaka vidole vikaharibika. Kwa hiyo mwenye mbalanga akiguswa hujua. Na mwenye ukoma aghlabu hajui. Jambo dogo kama hili la pamba lingaliwaokoa wengi na fedheha. Lakini uamuzi wa mwisho ni wa tabibu.

Na ukoma wenyewe leo unatibika. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza utibiwe kwa dawa zaidi ya moja kwa pamoja, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure kwa wagonjwa. Mwenye mabaka machache hutumia miezi sita, na mwenye mengi miezi kumi na miwili. Na akishaanza dawa, haupiti muda mrefu ila huacha kuambukiza. Na kabla ya dawa, ukoma hauambukizi kwa kupeana mkono wala kwa kunywa kikombe kimoja, ila kwa kukaa karibu na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu. Na watu wengi hawaupati hata hivyo. Tena ijulikane kuwa moja katika dawa hizo, iitwayo klofazimini, huigeuza ngozi ikawa nyekundu yenye weusi muda wa kuitumia, na rangi hiyo hufifia polepole baada ya dawa kwisha. Mgonjwa asije akaona weusi ule akadhani kuwa ugonjwa umezidi, akaiacha dawa njiani. Wala jirani asiuone akamkimbia mtu ambaye yumo katika kupona.

Mtu akisema: je, Mtume (S.A.W.) hakuamrisha kumkimbia mwenye jedhamu kama akimbiwavyo simba? Jawabu ni kuwa hadithi hiyo ipo katika Sahih Bukhari, na pamoja nayo imepokewa kuwa hakuna uambukizo. Maulamaa wamezikusanya kwa kusema kuwa ugonjwa hauambukizi kwa nguvu yake wenyewe, kama walivyoitakidi watu wa Jahilia, lakini Mwenyezi Mungu hujaalia kuchanganyika kuwa sababu. Kujikinga, basi, ni sheria, na ukomo wa kujikinga ni pale sababu inapokoma. Ukoma uliotibiwa sababu yake imekatika. Na mbalanga haikuwa na sababu hiyo tangu asili. Anayemkimbia mwenye mbalanga hakimbii simba, anakimbia kivuli.

FASILI YA TATU: HUKUMU YA NDOA

Hapa ndipo penye madhara makubwa, kwani wapo wanaume wanaosikia kuwa barasi ni aibu inayovunja nikahi, wakaichukua kauli hiyo kama upanga bila ya kujua mipaka yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kweli kuwa aibu zinazompa mume au mke khiyari ya kufasikhi ndoa zimehesabiwa, na wanazoshirikiana wote wawili ni tatu: wazimu, na jedhamu, na barasi. Lakini katika hayo pana mambo matano yanayosahauliwa.

La kwanza, bahaki haimo. Mwenye kuona mba juu ya mgongo wa mkewe akataka kufasikhi, hana haki. La pili, weupe ukitiliwa shaka kama ni barasi au siyo, kauli ni ya mwenye kukanusha, na anayedai alete ushahidi wa watu wawili wenye elimu ya utabibu. Macho ya mume si ushahidi, wala maneno ya jirani. La tatu, jambo hili hupelekwa kwa Kadhi, wala mume hajifasikhii mwenyewe nyumbani. Na khiyari yake ni ya papo hapo baada ya kujua. Aliyeoa akijua, au aliyejua akanyamaza akaendelea kustarehe na mkewe, khiyari yake imekwisha. La nne, mke ana haki hiyo hiyo juu ya mume. Wanaume wengi hulisoma neno hili kwa upande mmoja wakasahau kuwa na wao wana ngozi.

La tano ni la mahari. Barasi ikimtokea mke baada ya kuingiliwa, na mume akafasikhi kwa ajili yake, mahari yote iliyotajwa ni ya mke. Basi asidhani mtu kuwa mbalanga ni hila ya kurejeshewa mali yake, baada ya kula ujana wa binti wa watu.

Na zaidi ya hayo yote, khiyari ni ruhusa, si amri. Sheria ilipomfungulia mtu mlango wa kutoka, haikumsukuma atoke. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura Nisaa, aya ya 19, kuwa wanaume wakae na wake zao kwa wema, na wakiwachukia, basi huenda wakachukia kitu na Mwenyezi Mungu akatia ndani yake kheri nyingi. Mume aliyekuwa akiuguzwa na mkewe kwa homa zake, na kupikiwa, na kuzaliwa, khalafu akamwacha kwa baka lisilomuuma wala kumwambukiza, ajiulize atajibu nini siku ambayo ngozi zenyewe zitashuhudia, kama ilivyotajwa katika Sura Fussilat, aya ya 20.

Wala haya hayana maana ya kuficha. Anayeposa, au walii anayepoza, akiulizwa, ni wajibu aseme kweli kwa kadiri ya haja. Na Imamu Nawawi ameihesabu shauri ya ndoa katika mambo sita ambayo kutaja aibu ndani yake si usengenyi. Kuficha hapo ni ghishi. Lakini kuyatangaza hayo hayo barazani, pasipo kuulizwa na pasipo haja, ndio usengenyi wenyewe, ambao Mwenyezi Mungu ameufananisha na kula nyama ya ndugu aliyekufa.

FASILI YA NNE: RANGI YA MTOTO

Alikuja bedui wa kabila la Fazara kwa Mtume (S.A.W.) akalalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na yeye akawa kama anayemtilia shaka. Mtume akamuuliza kama ana ngamia, akasema anao. Akamuuliza rangi zao. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama miongoni mwao yupo wa rangi ya kijivu, akasema wapo. Akamuuliza wametoka wapi hao. Bedui akajibu kuwa huenda ni asili iliyowavuta. Mtume akamwambia kuwa na mwanawe pia huenda ni asili iliyomvuta. Hadithi hii ipo katika Bukhari na Muslim, na kwayo maulamaa wa madhehebu wakasema kuwa haifai kwa mume kumkana mtoto kwa sababu ya rangi peke yake.

Na watu wa pwani ndio wanaohitajia zaidi mafunzo haya, kwani damu zao zimechanganyika kwa karne nyingi, na babu wa tano aweza kuonekana katika uso wa mjukuu. Tena mtoto mchanga aghlabu huzaliwa na rangi nyepesi kuliko atakayokuwa nayo, na rangi yake huiva kwa wiki na miezi. Anayemhukumu siku ya saba amesoma barua kabla haijakwisha kuandikwa.

FASILI YA TANO: KUJICHUBUA

Katika mabadiliko yote ya ngozi, liko moja ambalo watu hulitafuta kwa mikono yao na kulilipia fedha, nalo ni kujichubua kwa sabuni na mafuta na mikorogo ili wawe weupe. Mengi katika mafuta hayo yana zebaki, ambayo huizuia ngozi kufanya rangi, khalafu ikaingia mwilini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na ikamfikia mtoto aliyemo tumboni. Mengine yana haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuirejesha ngozi katika weusi wa samawati usiotoka. Na mengine yana dawa za matabibu zilizowekwa kwa maradhi, ambazo zikipakwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba ikachanika upesi. Mataifa yalipatana mwaka 2013 katika mkataba wa kuzuia zebaki, uitwao kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa zebaki iliyomwagwa baharini ikaingia katika samaki. Na vipodozi vya zebaki vimo katika vilivyokatazwa. Hata hivyo bado vinauzwa.

Na hukumu yake iko wazi. Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaochanja ngozi na kuchonga meno wakitafuta uzuri kwa kuugeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Na Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim amebainisha kuwa kilichokatazwa ni kile kifanywacho kwa kutafuta uzuri. Ama kinachofanywa kwa haja ya dawa au kwa kuondoa aibu, hakina ubaya. Basi mwenye mbalanga anayetafuta dawa ya kurejesha rangi yake ameirejea asili. Na mzima anayejichubua ameikimbia. Wawili hao hawako sawa, na mwenye mbalanga asitahayarishwe kwa kujitibu. Tena mwenye kutumia dawa ya kupaka ajue kuwa kinachobakisha rangi tu, kama hina, hakizuii udhu. Ama chenye kiwiliwili kinachozuia maji kufika katika ngozi, huondolewa kwanza, ila kikiwa kukiondoa kuna madhara, hapo aulize hukumu yake.

Lakini kosa la kujichubua lisitupwe juu ya wanawake peke yao. Nani anayemsifu bibi arusi kwa weupe kabla ya kumsifu kwa dini? Nani anayemwambia mkewe kuwa fulani anang'aa kuliko yeye? Mwanamume akiupandisha bei weupe, asistaajabu kuona nyumba yake ikiununua. Na Mtume (S.A.W.) katika khutuba ya kuaga alieleza kuwa mwekundu hana ubora juu ya mweusi, wala mweusi juu ya mwekundu, ila kwa ucha Mungu.

KHATIMA: WATU WAWILI WALIOKUWA NA MBALANGA

Imepokewa katika Bukhari na Muslim khabari ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, na mwenye upara, na kipofu, waliojiwa na malaika. Mwenye mbalanga alipoulizwa akipendacho zaidi, alitaka rangi nzuri na ngozi nzuri, kwani watu wamemwona kuwa ni najisi. Akapewa, na akapewa ngamia mwenye mimba, akatajirika. Khalafu malaika akamrudia kwa sura ya mwenye mbalanga masikini, akimwomba ngamia mmoja wa kumfikisha safari yake. Naye akamnyima, akakanusha kuwa aliwahi kuwa na mbalanga, akasema mali yake ameirithi. Akaharibikiwa. Ngozi yake ilikuwa imepona, na moyo wake haukupona.

Na katika Sahih Muslim imepokewa khabari ya Uweis al-Karni wa Yemen. Alikuwa na mbalanga, akamwomba Mwenyezi Mungu akamponya, likabaki doa moja kiasi cha dirhamu. Alikuwa na mama yake, akimtendea wema. Mtume (S.A.W.) alimtaja kwa sahaba zake kabla hawajamwona, akawaeleza lile doa kuwa ndiyo alama yake, na akamwambia Sayyidna Umar kuwa akiweza kumwomba amtakie maghufira, na afanye hivyo. Umar (R.A.) akawa kila wakija watu wa Yemen huuliza kama Uweis yumo, mpaka akampata, akamuuliza juu ya mbalanga na juu ya mama, khalafu Khalifa wa Waislamu akamwomba mtu wa doa amwombee msamaha. Umar akataka kumwandikia barua kwa gavana wa Kufa. Uweis akakataa, akapenda kuwa miongoni mwa watu wasiojulikana. Na katika mji huo wa Kufa alikuwako mtu aliyekuwa akimfanyia mzaha, naye hajui anamcheka nani.

Zingatieni, enyi Waislamu: doa ambalo baraza za leo hulifanya alama ya kumtenga mtu, Mtume alilifanya alama ya kumtafutia mtu. Mwenye mbalanga aliye katika mtaa, ambaye kikombe chake kimewekwa mbali, huenda dua yake ndiyo inayouzuia mtaa ule na balaa. Basi kikombe chake kirejeshwe mahali pake, na mkono wake ushikwe, na posa ya binti yake isirudishwe kwa ujinga, na mgonjwa wa ukoma apelekwe kwa tabibu mapema, naye akipona apokewe kama alivyopokewa mtu aliyetoka safari. Hakika Mwenyezi Mungu haangalii sura za watu wala mali zao, bali huangalia nyoyo zao na amali zao.

Ee Mola, tukinge na mbalanga na wazimu na jedhamu na maradhi yote mabaya, kama alivyokuomba Mtume wako. Na uliyempa mtihani katika ngozi yake mpe subira na ponyo, na umlipe kwa kila jicho lililomdharau. Na utupe sisi macho ya kuona kabla ya kuhukumu, na ndimi za kunyamaza pale tusipojua. Na zing'arishe nyuso zetu siku ambayo ziko nyuso zitakazokuwa nyeupe na nyuso zitakazokuwa nyeusi, kwa amali wala si kwa rangi.

Na rehema za Mwenyezi Mungu na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.